Nyaya za simu, intaneti na dishi kwenye nyumba uliyonunua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuziondoa

Nyumba iliyopita mikononi mwa watu kadhaa hukusanya nyaya. Mwenye nyumba wa kwanza alivuta simu ya mezani, wa pili akafunga dishi, wa tatu akaleta intaneti ya kebo kisha akahamia faiba (intaneti ya uzi wa kioo), na kila fundi aliyekuja alitoboa tundu lake jipya badala ya kutumia la mwenzake. Hakuna aliyelipwa kuondoa cha zamani. Majibu haya ni ya mtu anayetaka kuta zake ziwe safi bila kujiletea hatari, ugomvi na jirani au maji ndani ya ukuta. Kukata waya ni kazi ya dakika moja. Kujua waya huo ni wa nani, unahudumia nini na utaacha nini nyuma yake ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo maana majibu mengi hapa yanahusu mambo ya kufanya kabla ya kushika koleo.

Kuna ubaya gani nikiziacha zilivyo?

Waya ulioshikwa vizuri, ulioingia ukutani kwa tundu lililozibwa, hauna madhara makubwa zaidi ya kuudhi macho. Tatizo ni kwamba nyaya zilizotelekezwa mara nyingi haziko hivyo. Klipu hung'oka, waya huanza kupigwa na upepo na kukwaruza rangi, na tundu lake hubaki wazi.

Chukua waya wa koaksia, ule wa duara wa dishi au kebo, unaoshuka kutoka paani na kuzama ukutani moja kwa moja. Mvua ikinyesha, maji huufuata waya kama njia yao na kuishia ndani ya tundu. Ukisogea karibu utaona mchirizi mweusi chini ya tundu, rangi imevimba, na silikoni ya zamani imekauka ikaachia upande mmoja kiasi cha kuingiza ukucha. Zunguka ndani, sogeza kabati, bonyeza plasta kwa kidole: ni laini. Hapo kilichoharibu ukuta si waya, ni tundu ambalo halikuwa na mwenyewe wa kulitazama.

Sababu nyingine ni radi. Waya mrefu wa chuma unaotoka nje na kuingia ndani, ambao ethi yake (waya wa kuupeleka umeme ardhini) imekatika au imeng'olewa, ni njia ya radi kuingia chumbani hata kama haujaunganishwa na kifaa chochote. Na ya tatu ni moto: ganda la plastiki la nyaya zilizorundikana darini huongeza moshi na kuusambaza moto. Nchini Marekani, kanuni za kitaifa za umeme zimetaka tangu toleo la mwaka 2002 kwamba sehemu inayofikika ya kebo ya mawasiliano isiyo na kazi iondolewe, isipokuwa imewekewa lebo kuonyesha kwamba itatumika baadaye. Hata pale ambapo hakuna kanuni ya namna hiyo, hoja yake inafaa kufuatwa.

Nitatambuaje waya upi ni wa nini?

Angalia unene, umbo na mwisho wake. Waya mwembamba wenye nyuzi mbili au nne za shaba zenye rangi tofauti, unaoishia kwenye soketi ndogo, ni wa simu ya mezani. Waya wa duara, mweusi au mweupe, wenye unene wa kama milimita 7 na kichwa cha chuma cha kuzungusha chenye sindano moja katikati, ni koaksia. Huo ni wa dishi, antena au intaneti ya kebo. Waya wenye nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, unaoishia kwenye kichwa cha plastiki chenye kilimi cha kubonyeza, ni wa mtandao wa kompyuta. Soma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwake, kwa sababu ndiyo yanayosema kama ni wa daraja la Cat5e, Cat6 au kitu cha zamani zaidi. Faiba ni nyembamba, mara nyingi bapa, na ndani yake hakuna shaba bali uzi wa kioo uliokingwa na vijiti viwili vigumu pembeni.

Kisha kuna usiopaswa kuguswa kabisa, nao ni waya wa umeme. Kwenye nguzo inayobeba vyote, nyaya za umeme hukaa juu na za mawasiliano chini yake. Waya wa umeme unaoingia nyumbani kwa kawaida ni mnene zaidi, mara nyingi ni nyaya mbili au zaidi zilizosokotana, na mwisho wake ni kwenye mita. Lakini usiutambue kwa unene peke yake. Ufuate kwa macho tangu nguzoni hadi unapoishia. Ukiishia kwenye mita au swichi kuu, au ukipotea mahali usipoweza kuuona, uhesabu kuwa wa umeme hadi fundi umeme athibitishe vinginevyo. Msimamo huu hauna nafuu.

Nyumba ni yangu. Nyaya zilizoko ukutani si zangu?

Si zote. Karibu kila mahali kuna mpaka kati ya mali ya kampuni na mali ya mwenye nyumba. Mpaka huo huwa ni kisanduku cha plastiki kilichofungwa nje ya ukuta, au soketi ya kwanza ndani ya nyumba, au kile kifaa kidogo ambacho faiba inaishia. Kinachotoka nguzoni au ardhini hadi hapo ni cha kampuni. Kinachoanzia hapo kuingia vyumbani kwa kawaida ni chako, ulikinunua pamoja na milango na madirisha.

Sheria za nchi na mikataba hutofautiana juu ya mpaka huo ulipo hasa, kwa hiyo fungua hati zako za ununuzi. Tafuta kipengele kinachotoa haki ya njia, yaani ruhusa ya kampuni au jirani kupitisha waya, bomba au nguzo kwenye kiwanja chako. Haki ya namna hiyo mara nyingi hubaki na ardhi hata mwenye kiwanja anapobadilika, na kukata waya uliopitishwa kwa haki hiyo kunaweza kukuletea deni la matengenezo.

Ruta, ving'amuzi na vifaa vya faiba vilivyoachwa na aliyekuuzia usivitupe upesi. Vingi huwa vya kukodishwa na kampuni ina haki ya kuvidai. Muulize muuzaji, na kama umempoteza, piga simu kampuni ambayo jina lake limebandikwa kwenye kifaa uwasomee namba yake.

Waya unaotoka nguzoni hadi ukutani kwangu haufanyi kazi. Naweza kuukata?

Hapana. Huo si wako, na hata kama ungekuwa wako, usingekuwa wa kukata ukiwa juu ya ngazi. Waya wa nguzoni umevutwa ukakazwa. Baadhi hubebwa na waya wa chuma ndani yake. Ukiukata upande wa nyumba unafyatuka, unaanguka barabarani mahali pa kupita watu na pikipiki, au unaangukia nyaya za umeme zilizo karibu. Kupanda nguzo ili kuukata upande ule ni hatari zaidi. Kazi ya nguzoni ni ya kampuni, wenye vifaa na mafunzo ya kufanya kazi karibu na umeme.

Unachoweza kufanya ni kuomba huduma ivunjwe na waya uondolewe, kwa maneno hayo mawili tofauti. Kuvunja huduma peke yake hufanyika kwa kubonyeza kitufe ofisini na waya hubaki palepale. Sema wazi kwamba unataka waya ung'olewe kutoka nguzoni hadi ukutani.

Kampuni inanizungusha. Nifanyeje?

Andika badala ya kupiga simu. Barua au barua pepe yenye anwani ya nyumba, tarehe ya kununua, picha ya waya kuanzia nguzoni hadi ukutani na picha ya karibu ya kisanduku hufika kwa mtu anayeweza kutoa kazi kwa fundi, wakati simu mara nyingi huishia kwa mtu anayeuliza namba ya mteja ambayo huna. Omba namba ya ombi. Kama waya umelegea, unaning'inia chini au unagusa bati, liandike hilo kuwa jambo la usalama, kwa sababu maombi ya usalama kwa kawaida hupewa kipaumbele. Kimya kikizidi, peleka nakala ile ile kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini mwako. Muda wote huo usiukate.

Ugumu mwingine hutokea pale jina la kwenye kisanduku ni la kampuni iliyokwisha kuuzwa au kufa. Mtandao wa namna hiyo kwa kawaida una mrithi. Kampuni yoyote ya mawasiliano inayohudumia mtaa huo, au mwenye nguzo, anaweza kukwambia ni nani.

Nyaya hizi zina umeme?

Baadhi zina, na watu wengi hawajui. Laini ya simu ya shaba iliyo hai hubeba takriban volti 48 za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) wakati wote simu ikiwa chini, na simu inapoita hupanda hadi karibu volti 90 za AC (umeme wa kubadilika mwelekeo, kama wa ukutani). Mshtuko wake kwa kawaida hauui mtu mzima mwenye afya, lakini unatosha kumwangusha mtu aliye juu ya ngazi. Angalia hapa: testa ya kalamu, ile inayolia bila kugusa waya, haioni umeme wa DC. Itanyamaza na laini iko hai. Tumia multimita, kipimo cha umeme chenye ncha mbili za kugusisha.

Koaksia ya dishi hupelekewa volti 13 au 18 kutoka kwenye king'amuzi, kwa hiyo chomoa king'amuzi ukutani kabla ya kufungua kichwa cha waya. Kamera za ulinzi zinazopata umeme kupitia waya wa mtandao hufika volti 57. Vikuza mawimbi vya darini nao huwa na adapta iliyochomekwa mahali fulani, aghalabu nyuma ya kitu ambacho hakijasogezwa kwa miaka.

Kuna hatari moja ninayotaka uisome polepole. Ganda la chuma la koaksia limeunganishwa na ethi ya nyumba. Ikiwa waya wa nyutro wa umeme wako, yaani ule unaorudisha mkondo, una hitilafu, mkondo wa nyumba nzima unaweza kutafuta njia ya kurudi kupitia ganda hilo. Mtu anayefungua kichwa cha koaksia katika hali hiyo anajiweka katikati ya njia ya mkondo. Dalili zake ni taa zinazofifia na kung'aa kupita kiasi zenyewe, waya wa koaksia wenye joto, au cheche kichwa kinapolegezwa. Ukiona mojawapo, acha hapo hapo, usirudishe mkono, ita shirika la umeme.

Na kila mara, hakuna kazi ya nyaya za nje wakati kuna radi, hata ya mbali.

Na faiba? Haina umeme, si ndiyo?

Uzi wa kioo wenyewe hauna umeme, lakini una mambo mawili. Mwanga unaopita ndani yake ni leza ya mawimbi ambayo jicho halioni (majumbani ni takriban nanomita 1310, 1490 na 1550), kwa hiyo usitazame ndani ya ncha yake kuona kama inafanya kazi. Hutaona chochote hata ikiwa hai. La pili ni vipande. Uzi huo una unene wa milimita 0.125, na kipande kilichovunjika huingia kwenye ngozi bila kuonekana. Vikusanye kwa tepu yenye gundi, si kwa kufagia wala kwa mkono, na usile chochote hapo hadi umenawa.

Ushauri wangu ni kutoiondoa faiba iliyofika ndani, hata kama leo huitumii. Izungushe kwa duara kubwa, ifunike ncha yake kwa kofia ya plastiki, uifungie ndani ya kisanduku. Kuivuta upya ni gharama na usumbufu, na nyumba yenye faiba tayari ni rahisi kuihudumia.

Nianzie wapi, kwa mpangilio?

Anza bila kugusa kitu. Zunguka nje mara moja, kisha ndani, kisha darini ukiwa na tochi, ukipiga picha kila waya mahali unapoingia, unapopinda na unapoishia. Bandika kipande cha tepu chenye namba kwenye ncha mbili za kila waya unaoutambua. Waya ambao huwezi kuonyesha ncha zake zote mbili uandikie alama ya kuuliza, na hiyo maana yake ni kwamba hauguswi kwa sasa.

Baada ya hapo uliza: muuzaji, majirani, kampuni. Ukishajua upi hauna kazi, uondoe kwenye kifaa au kisanduku kwa kufungua, si kwa kukata, kisha uache siku kadhaa. Muda huo wa kusubiri ndio hutoa majibu ambayo hakuna aliyekuambia. Kengele ya geti inakataa, kamera ya uani inazima, kengele ya ulinzi inaanza kulia. Waya uliofunguliwa hurudishwa kwa dakika moja. Uliokatwa ndani ya ukuta ni habari nyingine.

Kisha ng'oa ukianzia kwenye ncha iliyo huru, klipu moja baada ya nyingine. Usivute waya mzima kwa nguvu ili klipu zing'oke zenyewe, maana zitatoka na plasta. Klipu za msumari huinuliwa kwa bisibisi bapa ikiwa na kipande cha ubao mwembamba chini yake ili usitie kovu ukutani.

Nitahakikishaje kwamba waya haumhudumii jirani?

Kwenye nyumba zilizoungana au zilizojengwa karibu, ni jambo la kawaida waya wa jirani kupita chini ya paa lako au kukatiza ukuta wako. Dalili kubwa ni waya unaopita bila kuwa na tundu la kuingia kwako, au kisanduku chenye nyaya nyingi kuliko zinazohitajika na nyumba moja. Usiufungue ili kujaribu. Mwite jirani mzunguke pamoja, mkaufuate. Mazungumzo hayo yanafaa yafanyike mapema pia kwa sababu nyingine: huenda naye ana waya wako kwake.

Pamoja na jirani, fikiria vitu vilivyo ndani ya nyumba yako ambavyo hutumia laini ya simu kimyakimya. Mfumo wa kengele ya wezi, simu ya dharura ya lifti, kitufe cha kuomba msaada cha mzee au mgonjwa, simu ya getini. Ikiwa kuna hata kimoja, mwite aliyekifunga kabla ya kugusa laini.

Kuna waya wa kijani na njano, au wa shaba mtupu, umefungwa kwenye kisanduku. Nao niondoe?

Huo ni wa ethi, na ndio wa mwisho kuondoka. Unaunganisha ganda la koaksia au kinga ya radi ya laini ya simu na ethi ya nyumba. Ukiung'oa na kuacha koaksia, umeibakiza njia ya radi na kuondoa kinga yake. Uondoe tu ikiwa kila waya uliokuwa ukitegemea kisanduku hicho umekwisha kuondoka, na uwe umeona mwisho wake. Kama unaenda kwenye fimbo ile ile ya ethi inayotumiwa na mita ya umeme, mwite fundi umeme aufungue; usiilegeze kamwe nati inayoshika waya wa ethi wa umeme.

Nyaya zilizozama ndani ya kuta zitatokaje?

Nyingi hazitatoka, na hakuna sababu ya kubomoa ukuta ili zitoke. Ikiwa nyumba ilijengwa na nyaya zikiwa ndani, kwa kawaida zimepigiliwa kwenye mbao au zimefunikwa kwa plasta kila hatua. Jaribu kuvuta kwa mkono mmoja, kwa upole. Ukisogea kwa uhuru, uko ndani ya bomba na unaweza kutoka. Ukikataa, uache. Hakikisha ncha zote mbili hazijaunganishwa na kitu, ziviringishe ndani ya kisanduku cha ukutani zikiwa na lebo, kisha funga kifuniko kitupu. Kifuniko hicho kinaweza kupakwa rangi ya ukuta na jicho likasahau.

Kabla ya kuvuta waya uliomo ndani ya bomba, jiulize kama utataka kupitisha kingine siku moja. Waya wa zamani ndiyo kamba bora ya kuvutia mpya. Usipokuwa na mpya tayari, funga kamba ya nailoni kwenye ncha ya waya, uvute, na kamba ibaki ndani ya bomba pande zote mbili zikiwa zimefungwa fundo.

Darini na kwenye nafasi ya chini ya sakafu ni tofauti. Huko nyaya zinafikika na huko ndiko ziondolewe zote zisizo na kazi. Fanya kazi hiyo asubuhi kabla bati halijawaka, kanyaga kwenye boriti tu, na vaa barakoa.

Kuna nyaya ambazo ningejuta kuziondoa?

Zipo. Waya wa Cat5e au Cat6 uliofika vyumbani ni hazina. Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100 bila shida, na hakuna mawimbi ya ruta yanayopenya kuta nene kwa uhakika wa waya. Koaksia ya ndani nayo, kama iko nzima na inaunganisha vyumba, inaweza kubeba mtandao kwa vifaa vya MoCA (vinavyopitisha intaneti kwenye koaksia), ambavyo toleo la 2.5 hufika gigabiti 2.5 kwa sekunde. Kwa nyumba yenye kuta ambazo hutaki kuzitoboa tena, hilo ni jambo la kufikiria kwa uzito.

Waya wa zamani wa simu wenye jozi mbili, kwa upande mwingine, hauna kazi kubwa baada ya simu ya mezani kuondoka. Huo uende.

Waya umetoka. Nalizibaje tundu?

Hapa ndipo kazi hupimwa, na hapa ndipo wengi huishia kupaka silikoni juu juu na kuondoka. Kwanza safisha tundu: kwangua silikoni ya zamani yote, toa vumbi kwa brashi, acha likauke. Ukuta ukiwa na unyevu, subiri siku za jua. Kuziba unyevu ndani ni kuufungia ukuta ugonjwa.

Kwa ukuta wa matofali au zege, jaza kwa mchanganyiko wa simenti na mchanga laini, ukiusukuma hadi ndani kwa kijiti, si kuupaka mdomoni tu. Tundu refu lijaze kwa awamu mbili. Kwa ubao, tumia kijazio cha mbao cha nje, piga msasa, paka rangi ya chini kisha ya juu. Silikoni ya nje ni nzuri kwa kuziba pembeni mwa waya uliobaki, lakini rangi nyingi hazishiki juu yake, kwa hiyo kwa sehemu utakayopaka rangi chagua kizibo kilichoandikwa kuwa kinapokea rangi. Ziba pande zote mbili za ukuta, nje na ndani. Wadudu hawajali ni upande upi ulioupendezesha.

Ikiwa kuna waya unaobaki kwenye tundu lingine, itumie nafasi hii kuurekebisha: ushushe chini ya tundu kisha upande kuingia, ili maji yadondoke kwenye pindo la chini kabla ya kufika ukutani.

Matundu yaliyo kwenye ukuta unaotenganisha nyumba mbili, au nyumba na gereji, yanahitaji kizibo maalumu cha kuzuia moto. Povu la kawaida la kuzibia huwaka.

Dishi lililoko paani niling'oe?

Waya wake, ndiyo. Dishi lenyewe lifungue kutoka kwenye mguu wake ikiwa paa linapandika kwa usalama. Mguu uliofungwa kwenye bati au vigae ni swali jingine, kwa sababu kila skrubu unayoitoa inaacha tundu linalotazama mbingu. Kama mguu hauna kutu na hauvuji, mara nyingi ni busara kuuacha hadi paa litakapotengenezwa. Ukiamua kuutoa kwenye bati, rudisha skrubu mpya nene kidogo zaidi zenye washa ya mpira kwenye matundu yale yale, ukiwa umepaka kizibo cha paa chini yake. Dishi la ukutani halina shida hiyo. Nati zake zimwagie mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla.

Nyaya zilizofukiwa ardhini?

Usizichimbue. Kando yake panaweza kuwa na waya wa umeme, bomba la maji au la gesi, na jembe halichagui. Zifungue kwenye kisanduku, zikate chini kidogo ya usawa wa ardhi baada ya kampuni kuthibitisha kuwa hazina kazi na kuridhia, funika ncha kwa kofia isiyopitisha maji, na ziweke kwenye mchoro wa kiwanja chako. Vile visanduku vya kijani au kijivu vinavyosimama ardhini si vyako.

Naishi ghorofani, nina fleti tu.

Basi mamlaka yako yanaishia mlangoni. Ndani ya fleti fanya kama ilivyoelezwa hapo juu. Ngazi, korido, paa na kuta za nje ni za wote, na idhini ni ya uongozi wa jengo, kwa maandishi.

Nyumba ni ya zamani sana. Kuna la ziada?

Asbestosi (nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu) na rangi yenye madini ya risasi. Mbao za simenti zilizo chini ya paa, vigae vya sakafu na baadhi ya mipako ya dari ya zamani huweza kuwa na asbestosi. Usitoboe, usikwangue wala usipige msasa hadi sampuli ipimwe. Pia kebo za simu za kale zilikuwa na ganda la risasi, laini, zito, la rangi ya kijivu kilichofifia. Vaa glavu, usilisugue, na usilichanganye na takataka za kawaida.

Nahitaji vifaa gani, na fundi gani?

Multimita, koleo ya kukatia, bisibisi bapa na ya nyota, spana namba 11 kwa vichwa vya koaksia, tochi ya kichwani, tepu na kalamu ya kuandikia lebo, miwani ya kukinga macho, na ngazi imara yenye mtu wa kuishika. Kifaa kinachotuma mlio kwenye waya na kingine kinachousikiliza upande wa pili hurahisisha sana kutambua nyaya zilizorundikana. Fundi wa mitandao huwa nacho. Kwa nyaya za ndani na kuta za chini, mtu makini hujitosheleza. Kwa chochote kinachokaribia mita, ethi ya umeme au paa lenye mteremko mkali, lipa fundi.

Rundo la nyaya nilizotoa nilipeleke wapi?

Kwa wanunuzi wa vyuma chakavu au kituo cha kukusanya taka za vifaa vya umeme. Nyaya za simu na za mtandao zina shaba. Koaksia nyingi za kisasa, waya wake wa katikati ni chuma kilichopakwa shaba tu, kwa hiyo usishangae ukipewa bei ndogo. Sumaku itakuonyesha kabla hujafika. Usichome nyaya kupata shaba. Ganda la PVC likiungua hutoa gesi ya asidi na dioksini, sumu inayobaki kwenye udongo wa uani ambako watoto wanacheza. Kipande kirefu cha waya wa mtandao kilicho kizima kibakize kwenye boksi.

Nimekata waya, na sasa jirani hana intaneti.

Mwambie sasa hivi, kabla hajampigia fundi atafute tatizo mahali pengine. Usijaribu kuunganisha kwa kusokota na tepu. Waya wa simu unaweza kuvumilia kwa muda, koaksia itavujisha mawimbi na kuharibu huduma ya wengine, na faiba haiungwi kwa mkono hata kidogo. Acha ncha mbili kama zilivyo, zifunike zisilowe, usizipunguze, maana fundi anahitaji urefu wa kuungia. Piga picha, ita kampuni ya jirani na uwaeleze ni waya gani na umekatwa wapi, hata kama gharama itakuwa yako. Kama ilikuwa faiba, wasogeze watoto na wanyama mbali na hapo hadi vipande vya kioo viokotwe.